Filta na envelopu kwenye sinthesaiza ya kompyuta: uanze na ipi, uchague zipi

Fungua sinthesaiza, yaani ala au programu inayounda sauti kwa umeme, chukua wimbi la msumeno (sauti ghafi ambayo mchoro wake unafanana na meno ya msumeno), bonyeza noti ya A iliyo kwenye Hz 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, usiguse kitu kingine. Utasikia mkwaruzo mkali, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Wimbi hilohilo, bila kubadilishwa hata chembe, linaweza kugeuka besi nzito, uzi wa gitaa uliodonolewa, kundi la tarumbeta, au pedi, ile sauti ndefu na laini, inayopanda polepole nyuma ya mwimbaji. Zinazotofautisha sauti hizo nne ni sehemu mbili tu za sinthesaiza: filta na envelopu.

Wanaoanza kutengeneza muziki kwa kompyuta huniuliza zaidi swali moja: "Nitumie filta gani?" Wamefungua orodha ya filta kwenye plagini yao (sinthesaiza ya kompyuta inayofunguliwa ndani ya programu ya muziki), wamekuta majina chungu nzima, wameduwaa. Nami huwauliza swali jingine kwanza: hiyo sauti yako inazaliwaje, na inakufaje? Hilo ni swali la envelopu. Ukishalijibu, filta nyingi kwenye ile orodha zinajiondoa zenyewe, na zinazobaki unaweza kuzipima kwa sikio ndani ya dakika chache. Hapa nalinganisha machaguo yanayowasumbua watu zaidi, jozi kwa jozi, na kila mahali nasema ninaegemea wapi.

Kila moja inafanya nini

Lile wimbi la Hz 110 limebeba sauti nyingi ndani yake. Ipo Hz 110 yenyewe, kisha 220, 330, 440 na kuendelea, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia: ya pili ina kimo cha nusu ya ile ya kwanza, ya tatu theluthi, ya nne robo. Hizo ni harmoniki, na zile za juu ndizo zinazokwaruza. Filta ni chujio: inaamua zipi zipite na zipi zibaki. Kitufe kinachoweka mahali pa kuanzia kukata kimeandikwa Cutoff kwenye skrini, nitakiita katofu.

Envelopu yenyewe hailii. Ifikirie kama mkono usioonekana unaozungusha kitufe fulani kila unapobonyeza noti, kwa mwendo uleule kila mara. Ina hatua nne. Ataki ni muda wa kupanda kutoka sifuri hadi kileleni. Dikei ni muda wa kushuka kutoka kileleni. Sasteni ni kimo ambacho sauti inakaa ukiwa bado umebonyeza. Rilizi ni muda wa kufifia baada ya kuachia. Zingatia kwamba tatu kati ya hizo ni muda na moja ni kimo, kwa hiyo "sasteni ndefu" haipo. Kuna sasteni ya juu au ya chini. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kwa sababu ya kutojua jambo hilo dogo.

Mpangilio huu wa hatua nne umeanza kabla ya kompyuta kufika majumbani. Mwaka 1965 mtunzi Vladimir Ussachevsky, wa kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton huko Marekani, alimpa Robert Moog, muundaji wa sinthesaiza, maelezo ya kifaa cha kuendesha sauti kwa hatua hizo, na baadaye kampuni ya sinthesaiza ya ARP ikazifupisha kuwa herufi A, D, S na R. Zaidi ya nusu karne imepita, na herufi hizohizo bado ziko kwenye karibu kila plagini utakayofungua.

Jaribio la kuamua uanze na ipi

Fungua priseti tupu, yaani mpangilio wa sauti ambao bado haujaundwa. Weka wimbi la msumeno, filta ya kupitisha masafa ya chini (kwenye skrini huandikwa LP), katofu kwenye Hz 200 hivi, na envelopu ya filta iwe na ataki fupi kabisa, dikei ya milisekunde 80, sasteni sifuri. Andika besi ya noti nane zinazojirudia, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika.

Sasa badilisha aina ya filta peke yake. Pita tatu au nne kwenye orodha. Ukiwa na hedifoni na besi inalia peke yake, utasikia tofauti: hii ina joto, ile ina ukali, nyingine imepauka. Washa ngoma na kinanda, halafu rudia. Sehemu kubwa ya tofauti ile inazama kwenye miksi, sauti zote zikilia pamoja.

Rudi kwenye filta ya kwanza. Ongeza dikei kutoka milisekunde 80 hadi 600, bila kugusa kingine. Wimbo mzima umebadilika mwendo. Sababu ni hesabu rahisi: kwa kasi ya 120, pigo moja ni milisekunde 500, na robo ya pigo ni 125. Dikei ya 80 inafunga filta kabla noti inayofuata haijafika, kwa hiyo kuna nafasi kati ya noti, ngoma kubwa inapumua, na mwili unataka kucheza. Dikei ya 600 haiwahi kufunga. Noti zinashikana, besi inakuwa blanketi. Hata msikilizaji asiyejua sinthesaiza ni nini atakwambia kuna kitu kimebadilika.

Ndiyo maana naanza na envelopu. Na hesabu hiyo ni ya kubeba popote: gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo wako, upate urefu wa pigo kwa milisekunde. Kwa kasi ya 100, pigo ni 600 na robo yake ni 150. Anzia hapo unapoweka dikei, kisha sogeza kwa sikio.

Katofu na kiasi cha envelopu

Jozi hii inawakwamisha watu kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa ukiielewa, kwa hiyo nitakaa nayo.

Envelopu ya filta inaanzia pale ulipoweka katofu, kisha inapanda kulingana na kitufe cha kiasi. Plagini nyingi hukiandika Env Amount, nyingine Env Mod, nyingine Contour. Katofu ni sakafu. Kiasi cha envelopu ni urefu wa ngazi uliyoisimamisha juu ya sakafu hiyo.

Rafiki yangu mmoja alinitumia faili la sauti yake akilalamika kwamba envelopu "imekufa". Alikuwa amezungusha kiasi hadi mwisho, akabadilisha dikei mara kumi, na sauti ilikuwa ileile. Nilipofungua nikakuta katofu iko kwenye Hz 6,000. Kupanda oktava moja ni kuzidisha masafa mara mbili, kwa hiyo oktava mbili kutoka hapo ni Hz 24,000, na sikio la binadamu linakomea kama Hz 20,000. Ngazi yake ilikuwa inapanda nje ya dari. Envelopu ilifanya kazi barabara. Hakukuwa na kilichobaki cha kufungua. Nikashusha katofu hadi Hz 150 na kuacha kiasi kama oktava nne. Sasa kila noti ilikuwa inaruka hadi Hz 2,400 na kurudi chini, na ile dikei aliyoihangaikia ikaanza kusikika kila alipoigusa.

Ulinganisho wa kweli, basi, ni huu. Katofu ya juu na kiasi kidogo hukupa sauti iliyo wazi muda wote, yenye mng'ao mdogo mwanzoni. Inafaa kwa kinanda cha kusindikiza na pedi zinazopaswa kusikika maneno ya mwimbaji yakiwa juu yake. Katofu ya chini na kiasi kikubwa hukupa sauti inayosema "pau!" na kunyamaza, inafaa kwa besi na kwa sauti za kudonoa. Mimi nikiwa na shaka huchagua ya pili na kupunguza, maana ni rahisi kusikia unachokipunguza kuliko kubuni ambacho bado hakipo.

Kiasi kinaweza pia kuwa hasi. Hapo filta inaanza ikiwa imezama na kufunguka kadiri dikei inavyokwisha. Mimi hukitumia kwenye pedi tu, na kwa nadra.

Ukishapata kiasi kinachokupendeza, kiunganishe na nguvu ya kubonyeza. MIDI, lugha ambayo kinanda na kompyuta huwasiliana kwayo, hupima nguvu hiyo hadi 127, na ukiifanya iongeze kiasi cha envelopu badala ya kuongeza ukubwa wa sauti tu, noti zilizobonyezwa kwa nguvu zinang'aa na zile za upole zinakuwa na kivuli. Besi iliyokuwa kama mashine inaanza kuwa na mchezaji.

Envelopu moja au mbili

Karibu kila sinthesaiza ya kompyuta inakupa angalau envelopu mbili: moja ya ukubwa wa sauti, moja ya filta. Je, uzitumie zote?

Mashine mbili za zamani zinaonyesha tofauti vizuri. Juno-60 ya Roland, ya mwaka 1982, ilikuwa na envelopu moja tu kwa kila sauti. Filta na ukubwa wa sauti viliifuata pamoja, au uliweza kuachia ukubwa wa sauti uwake na kuzima kwa kidole chako tu. Minimoog, ya mwaka 1970, ilikuwa na mbili, kila moja na kazi yake.

Uzuri wa envelopu moja ni umoja. Sauti inapofifia, inafifia na mng'ao wake, kama vile kitu kinavyoenda mbali nawe. Pedi na nyuzi zinatoka laini bila juhudi, na huwezi kuharibu sana. Ukiwa na plagini yenye envelopu mbili na unataka tabia hiyo, nakili tu namba za moja kwenye nyingine.

Ila tarumbeta inakataa. Miaka ya 1960, Jean-Claude Risset, akifanya kazi kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs huko Marekani, alichambua sauti za tarumbeta kwa kompyuta na kuona kwamba kadiri sauti inavyokua kubwa, ndivyo harmoniki za juu zinavyozidi. Zinachelewa kidogo kuingia, na hapo ndipo sikio linapotambua mlio wa ala ya shaba. Jaribu: envelopu ya ukubwa wa sauti iwe na ataki ya milisekunde 5, ya filta ataki ya 60. Noti inaanza mara moja, lakini mng'ao unafika baadaye kidogo, "mbwaa". Sasa weka ataki zote mbili 5. Shaba imepotea, umebaki na kinanda cha umeme. Pengo hilo la milisekunde 55 ndilo tarumbeta yenyewe, na envelopu moja haiwezi kulitoa.

Kwa besi, mbili pia zinashinda. Ukubwa wa sauti uwe na sasteni ya juu ili besi isipotee, filta iwe na dikei fupi na sasteni ya chini. Unapata mgongano wa mwanzo na mwili unaobaki. Ushauri wangu ni envelopu mbili kwa chochote chenye pigo, na moja kwa chochote kinachoelea.

Hatua nne, chache, au nyingi zaidi

TB-303 ya Roland, iliyotoka mwaka 1981, ina kitufe kimoja tu cha envelopu ya filta: dikei. Pembeni yake kuna katofu, rezonansi (nitaieleza mbele), kiasi cha envelopu na kitufe cha mkazo. Haikupokelewa vizuri na uzalishaji wake ulikoma mwaka 1984, lakini vijana wa Chicago waliipata kwa bei ya kutupa, wakaanza kuzungusha vitufe hivyo wakati noti zinalia, na mtindo mzima wa muziki wa dansi ukazaliwa. Kwa mkono mmoja unaozungusha wakati wimbo unaenda, dikei peke yake inatosha.

Upande wa pili kabisa kuna DX7 ya Yamaha, ya mwaka 1983. Haina filta hata moja. Mng'ao wake unatokana na mawimbi yanayotikisana, na kila wimbi lina envelopu ya kasi nne na vimo vinne. Plagini ya bure iitwayo Dexed inaiga mfumo huo, ukitaka kuuonja. Uwezo ni mkubwa sana, lakini mchana unaweza kwisha ukitafuta sauti moja.

Katikati kuna hatua nne za kawaida, na baadhi ya plagini huongeza mbili: subira kabla ya ataki, na kushikilia kileleni kabla ya dikei. Ile ya kushikilia ni ya thamani kuliko inavyoonekana. Unapounda ngoma kubwa, milisekunde 10 hadi 20 za kushikilia zinaipa kifua. Bila hizo inasikika kama kidole kinachogonga meza. Ile ya subira mimi karibu siigusi.

Kuna pia swali la umbo la mteremko. Mteremko ulionyooka unashuka kwa hatua sawa hadi chini. Ule uliopinda unaporomoka haraka mwanzoni, kisha unajivuta. Kamba ya gitaa, ngoma na kengele vyote hufifia kwa namna ya pili, kwa hiyo ukitaka kitu kinachosikika kimepigwa, pinda mteremko. Ulionyooka naukubali kwa pedi ndefu tu.

Mlio wa "tk"

Kuna siku nilikabidhi wimbo ukiwa na mlio mdogo wa "tk" mwanzoni mwa kila noti ya besi. Nilidhani ni spika zangu. Aliyeupokea aliusikia kabla hajamaliza sekunde kumi za kwanza, na nikarudi nyumbani na aibu yangu kutafuta chanzo. Ataki ilikuwa sifuri kabisa. Wimbi lilikuwa linaruka kutoka kimya hadi kimo kamili bila njia, na mruko huo wenyewe ni sauti.

Ataki ya milisekunde 2 hadi 5 huondoa "tk" bila kulainisha pigo. Rilizi inahitaji uangalifu zaidi kwenye masafa ya chini: wimbi la Hz 50 huchukua milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo rilizi ya 5 inalikata likiwa katikati. Nipe besi rilizi ya 30 au 40, ndipo nitulie. Wengine huutaka ule mlio kwenye besi ili ipenye kwenye simu zenye spika ndogo, na ni chaguo halali kabisa, ilimradi umeuweka mwenyewe.

Desibeli 12 au 24

Sasa tumefika kwenye filta. Namba zilizo mbele ya jina, LP12 au LP24, zinaeleza ukali wa mteremko: kwa kila oktava juu ya katofu, sauti inapungua kwa desibeli 12 au 24, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli 12 ni kushuka hadi robo ya kimo. Desibeli 24 ni kushuka hadi kama sehemu moja ya kumi na sita.

Tuseme katofu iko Hz 440. Harmoniki ya Hz 1,760 iko oktava mbili juu. Kwa filta ya 12 imeshuka kwa desibeli 24, bado unaisikia kama vumbi la mwanga. Kwa filta ya 24 imeshuka kwa desibeli 48, yaani karibu sehemu moja ya 250, na kwa vitendo haipo.

Filta ya Moog yenye umbo la ngazi, ambayo hakimiliki yake ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1969, ni ya desibeli 24. SEM ya Oberheim, ya mwaka 1974, ilichukua 12. Mashabiki wa pande zote mbili wamebishana tangu hapo. Kwangu, 24 ni ya besi na ya sauti yoyote ambayo envelopu yake inapaswa kusikika ikifunguka na kufunga, kwa sababu ukuta ukiwa mkali unasikia ukisogea. 12 ni ya pedi, nyuzi na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), pale ambapo unataka kupunguza ukali na kuacha hewa. Kama envelopu yako ina dikei fupi na unaona 24 inafanya sauti izibe ghafla mno, jaribu 12 kabla hujagusa dikei. Mara nyingi hilo linatosha.

Kupitisha chini, kupitisha juu, kupitisha katikati

LP nimeshaieleza. HP inafanya kinyume: inakata ya chini na kupitisha ya juu. BP inapitisha kipande cha katikati tu, kama mtu anayeongea kwenye simu ya zamani. Ukiwa huna sababu ya kuchagua nyingine, LP. HP ninaitumia kusafisha, hasa kwenye pedi inayogombana na besi, na mara nyingi bila envelopu yoyote. MS-20 ya Korg, ya mwaka 1978, iliweka HP na LP mfululizo, kila moja na rezonansi yake, na plagini zenye filta mbili zinakuruhusu kufanya vivyo hivyo: fungia sauti katikati ya kuta mbili, kisha iachie envelopu isogeze ukuta mmoja.

Rezonansi: kidogo au nyingi

Rezonansi inanyanyua masafa yaliyo palepale kwenye katofu. Kidogo inaonyesha ukingo, na envelopu inakuwa na sura: unasikia "wau" badala ya "wuu". Nyingi inapiga mluzi. Kwenye filta nyingi ukiizungusha hadi mwisho inaanza kulia yenyewe hata bila wimbi kuingia, ikitoa toni safi ambayo unaweza kuipiga kama noti.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hapa kinachopasuka ni besi. Filta ya ngazi ya Moog, na plagini zinazoiiga kwa uaminifu, hupunguza masafa ya chini kadiri rezonansi inavyopanda. Unaongeza utamu juu, na bila kujua unanyofoa msingi chini. Ukitaka besi nzito yenye rezonansi nyingi, ongeza wimbi la pili la oktava ya chini lisilopita kwenye filta, au chagua filta ya aina nyingine. Mimi besi zangu huwa hazivuki theluthi moja ya kitufe.

Pamoja na rezonansi angalia kitufe cha kufuata noti, kinachoandikwa Key Track au Keytrack. Kikiwa asilimia 100, ukipanda oktava moja katofu nayo inapanda oktava moja. Kikiwa sifuri na katofu iko Hz 440, noti ya Hz 110 inapita na harmoniki zake nne za kwanza bila shida, lakini noti ya Hz 880 tayari iko nje ya ukuta hata kabla ya harmoniki zake. Hiyo ndiyo sababu kinanda chako kinang'aa mkono wa kushoto na kufa mkono wa kulia. Kwa besi inayocheza ndani ya oktava moja, acha sifuri. Kwa kinanda, anza na 50 upande.

Envelopu, LFO, au mkono wako

Filta inaweza kusogezwa na vitu vitatu, na watu huchagua kwa mazoea. Envelopu inaanza upya kila noti. LFO ni wimbi la polepole linalozunguka bila kujali noti. Otomesheni ni mchoro wa mkono wako kwenye wimbo mzima. Kinachopaswa kutokea kwa kila noti kipe envelopu. Kinachopaswa kutokea kwa kila mapigo manne, LFO iliyofungwa kwenye kasi ya wimbo. Kinachopaswa kutokea mara moja, kuelekea kiitikio, mkono wako. Kosa la kawaida ni kutumia otomesheni kuchora noti moja moja, kazi ya saa nzima ambayo envelopu ingeimaliza kwa kitufe kimoja.

Plagini ipi ikufundishe haya

Tatu za bure zinatosha kuanzia, na zinatofautiana kwa namna zinavyokuonyesha jambo lilelile.

TAL-NoiseMaker ina filta moja, na vitufe vya envelopu mbili, ya filta na ya ukubwa wa sauti, viko mbele ya macho yako. Ni ndogo na nyepesi kwa kompyuta. Unaona kitufe, unakizungusha, unasikia.

Vital, ya Matt Tytel, iliyotoka mwaka 2020, inachora kila kitu. Envelopu ya kwanza imefungwa kwenye ukubwa wa sauti. Ya pili unaishika kwa kipanya na kuiburuta hadi kwenye katofu, kisha unaona mwanga ukitembea juu ya kitufe kila noti inapolia. Kwa mtu anayeelewa kwa macho, hakuna mwalimu bora. Ina subira na kushikilia, mteremko unaupinda kwa kuuvuta, na filta inateleza kutoka LP kupitia BP hadi HP bila kukatika. Udhaifu wake kwa anayeanza ni kwamba inavutia uongeze: baada ya nusu saa una envelopu nne zinazosukuma vitu tisa, na hujui kipi kinafanya nini.

Surge XT ni programu huria, msimbo wake ukiwa wazi tangu mwaka 2018. Ina filta mbili unazoweza kuzipanga mfululizo au sambamba, envelopu ya filta na ya ukubwa wa sauti zimekaa kando kando, na orodha ya filta ni ndefu kiasi cha kukuduwaza. Ndiyo ninayoirudia nikitaka kulinganisha ngazi ya Moog na filta zenye tabia ya Korg au Oberheim bila kubadilisha plagini. Ila sura yake ina vijitelezi vingi vidogo, na si mahali pa siku ya kwanza.

Kwa wanaotaka kununua, Diva ya kampuni ya u-he inaiga filta za zamani kwa undani unaosikika, na inakula nguvu ya kompyuta ipasavyo. Kama mashine yako inahema ukifungua nyimbo zenye njia ishirini, isubiri.

Ningekuwa naanza leo ningeweka TAL-NoiseMaker kwa wiki mbili, kisha Vital. Ningefungua priseti tupu, wimbi la msumeno, LP24, katofu Hz 150, rezonansi robo, kiasi cha envelopu nusu, ataki milisekunde 3, dikei 200, sasteni sifuri, rilizi 40. Halafu ningecheza noti moja, A ya Hz 110, na kusogeza dikei peke yake, juu na chini, hadi nijue kwa sikio 100 inasikikaje na 300 inasikikaje bila kutazama skrini.